Sifa za Taa Nyekundu

Washairi wetu wameshausifu mnazi, wameisifu jahazi na kanga, na mpenzi aliye mbali hawakumsahau. Mimi naomba nafasi niisifu taa moja ndogo, nyekundu, iliyo usoni mwa kisanduku cha intaneti juu ya kabati la faili ofisini kwetu, Lemon Gaba, hapa Juba. Chini yake pameandikwa herufi tatu: LOS. Ikizimika, kazi inakwenda. Ikianza kupepesa, intaneti hakuna, na hapo ndipo ubora wake unapodhihiri.

Naisifu kwa sababu moja. Tangu tuombe laini ya ofisi, ndiyo pekee iliyotwambia kweli kila ilipotwambia neno.

Kijana wa mauzo alikuja na shati lililopigwa pasi, simu mbili, na ramani ya Juba iliyopakwa rangi ya machungwa. Mtaa wetu ulikuwa ndani ya rangi. Tulichokuja kugundua baadaye ni kwamba rangi ilitangulia waya. "Wiki hii hii, boss," alisema, naye hakutaja ni wiki ya mwezi gani, kwa hiyo siwezi kumwita mwongo. Mkataba ulikuwa wa wateja wa biashara, malipo kwa dola na si kwa paundi, na huduma imeahidiwa kwa asilimia 99.5 ya mwezi. Mimi ni wakala wa forodha, hesabu ndiyo riziki yangu, nikakaa nikapiga: mwezi wa siku 30 una saa 720, nusu asilimia yake ni saa tatu na dakika 36. Muda huo huisha fundi akiwa bado anatafuta funguo za gari.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Hata nikiitaja, jirani yangu wa duka la vifaa vya ujenzi yuko na kampuni nyingine na hadithi yake ni hii hii.

Tusidharau lakini kilichofanyika. Kabla ya 2020, Juba iliishi kwa kiasi kikubwa kwa madishi ya setilaiti, na bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Mwaka ule faiba ikafika mjini kutoka mpaka wa Uganda. Ukitaka kujua data yetu inatoka wapi, fuata malori: inapanda kutoka Mombasa, zinakotua nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS za 2009 na EASSy ya 2010, kisha Nairobi, Kampala, Gulu, Nimule, ndipo Juba. Saruji ninayoitoa forodhani hupita humo humo. Kipande cha mwisho, Nimule hadi Juba, ni kilomita 192, na kina lami tangu 2012. Mwanga ndani ya kioo cha faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka bandarini Mombasa hadi Juba unatumia takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Lori hutumia siku kadhaa, likibahatika. Fundi wa kutoka katikati ya mji hadi Lemon Gaba, wanafizikia bado hawajampatia kipimo.

Na miadi yake ina elimu ndani yake. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma, ikawa saa moja nyuma ya Nairobi. Dada wa huduma kwa wateja yuko upande wa Nairobi, mimi niko Juba, fundi anazungumza Kiarabu cha Juba. Tukikubaliana "saa tatu", dada anamaanisha saa tatu ya kwao, ambayo kwangu ni saa mbili. Mimi namaanisha saa tatu yangu ya asubuhi. Fundi anamaanisha saa talata, ambayo ni saa tisa yetu ya alasiri. Wote watatu tukiwa waaminifu kabisa, hakuna hata mmoja anayemkuta mwenzake. Taa wakati wote huo inapepesa tu, haina habari na saa za mtu.

Hata kampuni yenyewe inaiheshimu kuliko inavyoniheshimu mimi. Ukipiga simu, ukishamaliza muziki wote wa kusubiria, swali la kwanza ni: "Umejaribu kuzima na kuwasha, boss?" Swali la pili: "Taa ya LOS ni rangi gani?" Mimi mlipaji naweza kueleza kwamba dereva wangu amekwama Nimule, kwamba hati ya kufuatilia mzigo hutolewa mtandaoni na bila hati gari haliendi, kwamba kila siku ya kulaza lori ina gharama yake. Dada ananisikiliza kwa upole, ananiambia pole sana, kisha anarudi pale pale: nyekundu au kijani? Neno la taa ndilo linaloandikwa kwenye tiketi. Langu ni la kupitisha muda.

Kisha ujumbe unaingia kwenye simu: "Mteja mpendwa, tatizo lako limetatuliwa. Tupe alama kuanzia 1 hadi 5." Nikainua macho juu ya kabati. Taa ikapepesa. Nikaipa alama 5, yeye, si wao.

Fundi mwenyewe, alipofika, alikuwa mtu wa kazi, na hapo lazima niseme haki. Alichomeka kipimo chake cha nguvu ya mwanga kwenye waya, kikasoma hasi 31. Akanieleza kwamba modemu ya aina ile ikishuka chini ya hasi 27 au 28 haioni tena chochote. Kumbe mwanga unaobeba intaneti kuja kwetu hauonekani kwa jicho la binadamu: una urefu wa mawimbi wa nanomita 1490, na jicho letu huishia kwenye 700 hivi. Maana yake ni kwamba katika huduma nzima ninayoilipia, nyekundu ile ndiyo inayonipa habari za mwanga nisioweza kuuona.

Akatoa kalamu ya leza, nayo nyekundu, akaiwasha ndani ya waya, tukatoka nje kuufuata kuanzia ukutani. Jua lilikuwa linazama. Nguzo ya pili kutoka langoni, waya ulikuwa umevutwa hadi ukajikunja kwa pembe kali, na pale kwenye kunjo, ganda jeusi lilikuwa linawaka wekundu kwa ndani. Mhalifu alijulikana papo hapo: boza la maji. Watu wengi wa Juba hununua maji kwa maboza hayo, nayo hupita vichochoroni yakiwa na bomba na mfuniko vimechomoza juu ya tangi. Waya ukilegea kidogo, unanaswa.

Kuunga nilikutazama kwa karibu. Alimenya ganda, akafuta kioo kwa spiriti, akakikata kwa kijisu cha meza, akalaza ncha mbili ndani ya mashine. Kioo chenyewe kina unene wa moja ya nane ya milimita. Kwenye skrini ndogo ncha zilionekana kubwa, zikasogeleana zenyewe, ikapita cheche, kwisha. Kazi yote haikufikia muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kilichochukua siku ni maneno.

Nikarudi ndani nikaikuta taa imezimika na ya kijani imewaka. Wafanyakazi walishangilia. Mimi nilibaki na shaka, kwa sababu kijani naijua. Kijani inasema tu kwamba modemu na kituo cha kampuni vinaonana, basi, lakini hukaa pale imejitanua kana kwamba dunia yote iko sawa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikayumba, modemu za watu ziliendelea kuwa kijani. Januari 2025, baada ya video za mauaji ya Wasudan Kusini kule Wad Madani, Sudan, kusambaa na mamlaka ya mawasiliano ikaamuru Facebook na TikTok zifungwe, amri iliyoondolewa kabla ya wiki moja kupita, taa ofisini kwetu ilikuwa kijani safi. Nyekundu haijapata kunidanganya namna hiyo. Inalijua eneo lake, kuanzia ukutani hadi kituoni, na haisemi la mbele ya hapo.

Kama kampuni inatafuta meneja wa huduma kwa wateja, imeshampata. Yuko juu ya kabati langu, hana likizo, hadai posho, wala hakuombi alama.

Nanyi madereva wa maboza ya Lemon Gaba, ndugu zangu, nawaomba jambo moja. Ule waya mwembamba mweusi unaoning'inia karibu na nguzo ya pili, mkiuona umelegea, simameni, utingo ashuke, auinue kwa mti, mpite.