Jinsi ya Kumaliza Mto Ukiwa na Risiti Mkononi

Sogea karibu, ndugu mkulima wa Mbarali, nikunong'oneze. Maji ya Mto Ruaha Mkuu yanaweza kuishia shambani kwako bila wewe kugombana na sheria. Unahitaji banio, jembe na risiti.

1. Lipia karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai kibali, na kwa bonde lenu la Usangu utakifuata kwenye Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Lipa mapema. Tozo inafuata kiasi kilichoandikwa kwenye kibali, na mifereji mingi haina kipimo cha kuonyesha ulichochukua kweli. Ukishalipa, lita inayofuata ni bure, na elfu zinazoifuata ni bure. Shikilia hapo hapo, ndipo penye ulaji.

2. Itumie risiti kama ngao. Zamani, zamu yako ikiisha, wenzako walikwambia ufunge, ukaona haya ukafunga. Sasa jibu unalo: "Nimelipa." Watafiti waliofanya kazi Usangu waliliona hili: ada iliyokusudiwa kuwafanya watu wabane maji iliwapa baadhi yao sababu ya kuyadai yote. Haya ilikuwa inabana kuliko shilingi, na shilingi imeifukuza.

3. Jaza majaruba mpaka kingo zifurike, na usiku usiamke kufunga. Majirani wakikuita mvivu, wapigie hesabu. Kibarua wa palizi anadai ujira wake jioni. Maji yakisimama yanazuia magugu mengi, wala hayadai kitu. Kwa bei hizo mbili, mwenye akili yeyote angemwaga maji. Ndiyo maana mahubiri ya bwana shamba kuhusu kubana maji hayazai matunda: anakuomba ubadilishe tabia, bei ikikuomba uendelee.

4. Shadidi iepuke. Kilimo hicho cha mpunga kinataka mche mchanga wa siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25, na jaruba linaloloweshwa na kukaushwa kwa zamu. Maji yanapungua sana, lakini palizi inaongezeka, na palizi ni fedha. Ukishikwa na hamu ya kujaribu, hakikisha maji uliyookoa yanafungulia ekari mpya. Utapigiwa makofi kwa ufanisi, na mto hautaona tone.

5. Wakitaka kutoza ada kwa ekari na kuipandisha, simama uunge mkono. Ekari iliyozama na ekari yenye unyevu tu zitalipa sawa, kwa hiyo bei ipande itakavyo, tabia yako itabaki pale pale. Atakayeumia ni mama mwenye nusu ekari mkiani mwa mfereji: atalipa kwa kiwango kile kile chako na kupokea matope. Mtazame usoni siku ya kulipa, kama unaweza. Mimi nimeshindwa.

6. Usiangalie mto unakoelekea. Ukiangalia utaona kwamba tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, umekuwa ukikauka kiangazi, na viboko wakisongamana kwenye madimbwi yaliyobaki. Mbele zaidi kuna mitambo ya umeme wa maji, Mtera yenye megawati 80 na Kidatu yenye 204, yote ikingojea mto huo huo. Umeme ukikatika, laumu shirika la umeme. Kosa si lako peke yako, kweli, kwa sababu hata mabanio ya kisasa yalijengwa kuchukua maji vizuri zaidi kuliko yale ya miti na mawe, hata kiangazi. Lakini maji yaliyopita jarubani mwako bila kazi uliyaona kwa macho yako.

7. Hapa ndipo pa kupigania kufa na kupona: kipimo. Umoja wa watumia maji ukiitisha kikao cha kuweka kipimo kila banio, kugawa kwa uwiano na kulipa kwa kiasi cha maji kilichopita, sema ni ghali. Sema kitaibwa. Sema wazee hawakupima. Omba kikao kiahirishwe hadi baada ya mavuno. Kipimo kikipita, mwongozo huu uchane. Utaanza kuamka usiku na tochi kwenda kufunga maji, na yule mama wa mkiani atapanda mpunga wake kwa wakati.