Barua ya Wazi kwa Wizara Iliyolifuta Gari Langu

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii,
Tokyo, Japani.

Tunawaandikia kutoka Dar es Salaam.

Tunasikia huko kwenu gari likigundulika na kasoro ya usalama, kiwanda hutoa taarifa wizarani, mwenye gari huandikiwa barua, na matengenezo ni bure. Tumesikia pia kwamba mwaka 2018 Subaru, kampuni ya kwenu, iliyaita kwa matengenezo zaidi ya magari 200,000 aina ya Legacy na Outback huko Marekani, kwa kuwa taa ya mafuta haikuaminika na hesabu ya maili zilizobaki ilikuwa ya uongo. Dawa yake ilikuwa kurekebisha programu ya dashibodi. Taa, waheshimiwa! Huku mshale wenyewe wa mafuta umelala chali na tunakwenda nao Mbeya.

Msituelewe vibaya, hatulalamiki. Geji mbovu imetupa elimu. Dereva teksi hupima mafuta kwa noti: asubuhi kaweka ya elfu kumi, kenda Posta, karudi Mbezi, anajua imebaki ya elfu mbili. Mwingine hulitikisa gari akatega sikio kwenye tangi. Fundi atakwambia floti imekwama, kile kiboya kinachoelea kwenye mafuta na kuuongoza mshale. Bei anaitaja akishakutazama viatu. Kisha anakushauri uachane nayo: "Wewe weka mafuta ya kutosha tu, bosi." Trafiki naye anataka kuona mtungi wa kuzimia moto na pembetatu. Mshale haumhusu.

Wapo wenye roho nyepesi wanaosema injini ikizimika Mlima Kitonga kwa kukauka mafuta, usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu, na nyuma yako lipo lori la mizigo. Wanadai pia kwamba pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yale yale, hivyo anayezoea kutembelea matone anaiunguza. Maneno ya watu hayo.

Shida yetu ni ndogo, ya karatasi. Gari langu lilipouzwa nje mlilifuta kwenye daftari lenu, mkatoa cheti cha kulisafirisha. Sasa kiwanda kikiliita kesho, barua iende kwa nani? Mzee wa Osaka aliyekuwa nalo anatembelea jingine. Kwenu gari halipo. Bandarini kwetu lililipiwa ushuru mpaka senti ya mwisho, kwa hiyo lipo sana. Kasoro ilipanda meli, barua ikabaki gatini.

Basi tunaomba moja kati ya mawili: cheti cha kusafirishia gari kiorodheshe kila wito ambao gari hilo halijauitikia, au mkilifuta gari, futeni na kasoro zake.

Wakubwa wa hapa tumeona tusiwasumbue. Wao hutembelea magari mapya, geji nzima, na sijasikia mkubwa aliyeweka mafuta ya elfu kumi.

Mkijibu, fanyeni haraka kidogo. Nimesimama kituo cha mafuta, gari liko kilomita mbili nyuma, na muuzaji amekataa kuniwekea kwenye kidumu. Anasema kwa usalama wangu nilete gari lenyewe.

Wenu mtiifu,
Mmiliki wa gari lisilokuwepo