Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Sanduku la Maoni

Mheshimiwa Sanduku,
Ukutani, jirani na dirisha la mapokezi.

YAH: BILI YA UPEPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakujulia hali. Mimi ni mzima, ila mita yangu ya maji inaumwa. Bomba nikilifungua linakohoa, linatema upepo, na mita inazunguka kama pangaboi. Mwisho wa mwezi naletewa bili ya upepo huo pamoja na onyo la kukatiwa huduma. Sijui watakata nini.

Jumatatu nilikuja ofisini kwenu. Dada wa mapokezi alinisikiliza kwa upole huku akichezea simu, kisha akanyoosha kidole kwako: "Andika, baba, tumbukiza pale." Nikaandika kurasa mbili. Kukufikia, nakuta mdomo wako umezibwa na bango la Wiki ya Huduma kwa Wateja, ile ya Oktoba, lenye picha ya wafanyakazi wakitabasamu. Kufuli limeota kutu ya kuheshimika. Nikauliza ufunguo anao nani. Anao afisa wa bili. Huyo ndiye niliyemshitaki ukurasa wa kwanza, na wa pili pia.

Sikulaumu, Mheshimiwa. Wewe ni mninga mtupu, na mninga hausomi.

Basi nikapanda ngazi. Mwenyekiti wa mtaa akaniandikia barua ya utambulisho, kuthibitisha kwamba mimi ni mimi na kiu yangu ni ya mtaani kwake. Masjala wakagonga muhuri, wakanipa namba ya kumbukumbu ndefu kuliko ya simu. Wiki mbili baadaye nikajibiwa kuwa barua imepelekwa kwa mhusika kwa hatua zaidi. Mhusika ni yuleyule mwenye ufunguo. Alinipokea vizuri sana, hata akanisomea malalamiko yangu kwa sauti.

Wazee wanaikumbuka Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza mwaka 1966. Makamishna walizunguka wilayani kuwasikiliza wenye kinyongo na watumishi wa umma. Asiyejua kuandika alisema kwa mdomo. Uamuzi ulikuwa wa Rais, kwa hiyo meno hayakuwa yao, lakini masikio walikuwa nayo. Mwaka 2001 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na kwa sisi wa maji na umeme ipo mamlaka ya udhibiti, EWURA, ambayo hutaka kwanza uwe umelalamika kwa mtoa huduma wako.

Hapo ndipo uliponimaliza, Mheshimiwa. Nitaonyesha nini kwamba nililalamika? Wewe unameza, hutoi hata kikaratasi. Kituo cha mafuta kinatoa risiti! Kama si ule muhuri wa masjala kwenye nakala yangu, leo ningekuwa mtu asiyewahi kulalamika maishani.

Naomba mdomo wako uzibuliwe, na ufunguo uhamie kwa mtu ambaye sijamshitaki. Tabasamu za bangoni zibaki, zinapendeza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja.

Nakala: Afisa wa bili (hata nisipomwandikia, itamfikia).
Kiambatanisho: Bili ya upepo ya mwezi huu. Nimeshalipa.