Nyumba Inauzwa, Karibuni Chai

Anza na ukuta. Ikiwa boma lako limeikabili barabara ya kutoka Isebania kuingia Kehancha, huenda ulishaandika zamani kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtoto wa nasari: NYUMBA HII HAIUZWI. Uliandika mwaka ule ndugu yako alipoanza kuvaa koti siku za kazi na kutembea na wageni waliokuwa wakihesabu hatua kwenye nyasi zako. Sasa muuzaji ni wewe. Usifanye kama mjomba wangu, ambaye tapentaini ilimwishia alipomaliza kufuta "HA" peke yake. Wiki nzima ukuta ulisomeka NYUMBA HII IUZWI, na vijana wa boda wakawa wanamwuliza kama hicho ni Kikuria cha Tanzania.

Wamarekani wana desturi ya kufungua nyumba inayouzwa Jumapili mchana ili watu wasiojulikana wapite vyumba vyote, wafungue makabati, wabonyeze swichi, wajaribu choo. Kwao ni jambo la ajabu kiasi cha kupewa jina. Huku nyumba yako imekuwa wazi tangu siku ulipoipigilia mabati. Mama jirani huingia jikoni kuomba chumvi akatoka na habari za chumbani. Kwa hiyo kazi yako Kehancha si kufungua mlango. Ni kuuegesha kidogo, ili katika umati wa wageni uweze kumtambua yule mmoja mwenye pesa.

Siku ya kufanya jambo hili ni Jumapili, saa nane. Ijumaa na Jumamosi watu wako kwenye mazishi, na Wasabato, ambao ni wengi huku, hawafanyi biashara Jumamosi hata ukiwapunguzia bei. Siku ya soko usijaribu. Ukichagua Aprili, jua kwamba mvua itakuja alasiri na itaonyesha wageni kila tundu la paa bila kuulizwa.

Sasa usalama, na hapa naomba tutulie. Mjomba alisoma kwenye simu kwamba mwenye nyumba mwangalifu huweka meza mlangoni na kitabu cha kuandikisha kila anayeingia. Ushauri mzuri, kule ulikotoka. Akaweka meza langoni, kaunta buku, kalamu iliyofungwa uzi isitoroke. Kwa kuwa ni mtu wa heshima akakodi na hema, na viti hamsini vya plastiki. Mimi nilimwangalia akivipanga mistari sita na sikusema neno, jambo ambalo bado linanisumbua.

Kehancha, kama popote kutoka hapa hadi Homa Bay, hema, viti vya plastiki na kitabu langoni vina maana moja tu. Saa nane na nusu bibi mmoja alifika kwenye mparachichi, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia. Alilia njia nzima hadi kwenye meza, akaandikisha jina, akatoa noti ya shilingi hamsini kwenye pindo la leso na kuitia kwenye beseni tuliloweka la kunawia mikono. Ndipo akamtazama mjomba, mzima wa afya, kashika birika.

"Ni nani basi, tata?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Tunauza nyumba."

Bibi alifikiri kidogo. Kisha akaanza kulia tena, safari hii kwa sauti ya juu zaidi.

Kwa hiyo: hema hapana, viti sita vinatosha, na kitabu kikae ndani.

Chakula. Kule ng'ambo huoka biskuti ili nyumba inukie vizuri. Kwetu harufu hujipangia yenyewe. Kama jirani anakausha tumbaku kwenye tanuri lake siku hiyo, hata uoke lori zima la biskuti, nyumba itanukia tumbaku. Pika chai ya maziwa, mandazi kiasi, uishie hapo. Usipike nyama. Nyama huongeza wageni na haiongezi wanunuzi.

Fagia, lakini usizidishe. Ondoa kalenda ya mwanasiasa, maana mnunuzi anaweza kuwa wa upande wa pili na uchaguzi hauishi. Acha shuka kitandani na sufuria mekoni, kwa sababu ya kodi: kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwanzoni mwa 2023, ila nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa. Nyumba iliyopakwa rangi mpya na kuachwa tupu huonekana kama ya mfanyabiashara. Nyumba yenye soksi chini ya kochi huonekana kama kwenu.

Makaburi usiyafiche. Kila mwenye boma ana babu nyuma ya nyumba, na mnunuzi anajua. Nimeona mtu aliyepanda migomba kuzunguka kaburi kisha akalitembeza kundi la wageni akiita mahali pale bustani. Mzee mmoja aliuliza kwa nini bustani ina saruji katikati. Mpeleke mgeni huko kwanza kabisa, mtaje marehemu kwa jina, mweleze njia ambayo ukoo utapitia ukija kufyeka nyasi, na yaandikeni kwenye mkataba. Mkataba wenyewe uwe wa maandishi, uwe na sahihi na mashahidi, kwa kuwa mahakama ya Kenya haisikilizi mauzo ya ardhi ya mdomo tu, hata kama mbuzi alichinjwa na wazee wote walikula.

Jambo la hatari kuliko mbwa asiyefungwa ni simu yenye kamera. Atakuja kijana mpole, ataomba kuiona hati miliki "kwa macho tu", na kabla hujavaa miwani amekwishaipiga picha mbele na nyuma. Hati ya asili ibaki ulikoificha. Mgeni mpe namba ya ploti. Kama nia yake ni safi, ataenda kufanya sachi ofisi ya ardhi na serikali itamwambia nyumba ni ya nani.

Pia usimwulize mtu ni wa ukoo gani kabla hajamaliza kikombe. Mkira, Mgumbe, Mnyabasi au Mwirege, ni swali la kawaida njiani, lakini mbele ya nyumba inayouzwa mgeni atadhani jibu linabadilisha bei.

Kuna mgeni mmoja atakayekutia majaribuni, naye ni binamu kutoka Sirari, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Ni damu yako. Mpaka ule ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani ambao hawakuomba hata maji ya kunywa hapa, ukawaacha Wakuria nusu huku nusu kule. Binamu ana biashara nzuri, anahesabu kwa shilingi ya Tanzania, na sifuri zake zinalewesha. Lakini kama kitambulisho chake ni cha kule, Katiba ya 2010, ibara ya 65, haimruhusu kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa kupangishwa, tena isizidi miaka 99. Mwongezee mandazi.

Sasa bei, ambapo Kehancha hubadilika umbo mbele ya macho yako. Kabla ya ugatuzi wa 2013 palikuwa na baraza la manispaa hapa, na wauzaji hawajalisahau. Ukitaja bei, Kehancha ni mji: taja lami, benki, makao ya kaunti ndogo. Ikifika ushuru wa stempu, ambao hulipwa na mnunuzi, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, mnunuzi naye ataanza kuona ng'ombe kila mahali. "Hapa ni kijijini, mura, sikia jogoo."

Mwache asikie jogoo. Ila shamba likishaitwa shamba, sheria ya mwaka 1967 inalipeleka mbele ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi liwasilishwe ndani ya miezi sita. Bila kibali cha bodi mauzo ni batili, kana kwamba hayakufanyika. Mwenyekiti ni naibu kamishna wa kaunti, na swali la kwanza huwa si la bei. Huwa ni: mama yuko wapi? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema katika ndoa ya mke mmoja nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili. Wenye wake watatu wasishangilie. Bodi nyingi hutaka kuwaona wote, pamoja na watoto wakubwa, na nimesikia habari za wanaume waliokodi mke wa siku moja, akashindwa kutaja majina ya watoto wake.

Hili mjomba alikuwa hajalifikiria. Alimwambia mkewe habari za mauzo asubuhi ya Jumapili ileile, akimwomba aongeze maji kwenye birika.

Jioni tulihesabu. Kitabu kilikuwa na majina thelathini na tisa. Safu ya pembeni, ambayo mjomba aliichora kwa ajili ya namba za simu, wageni walikuwa wameijaza pesa: 50, 100, 50, 200. Jina moja tu lilikuwa na namba ya simu. Lilikuwa la mtu mkimya, asiyegusa chai, aliyeuliza tu maji ya masika hupita wapi, akapima kwa hatua kutoka kaburi la babu hadi chooni, akaondoka bila kusifu chochote.

Ndani ya beseni mlikuwa na shilingi 3,150, zimelowa kidogo. Mjomba alitaka zirudishwe. Mkewe alizikunjua moja moja, akazifunga kwenye ncha ya leso, akasema hizo ni nauli yake ya kwenda Bodi. Akifika huko atasema nini, hakutuambia.