Chuma Ulete Kwenye Diski C

Kompyuta ya steshenari haijai siku ya kawaida. Husubiri mgodi utangaze nafasi za kazi, foleni ifike mpaka kwa muuza mahindi ya kuchoma, ndipo ule mstari wa diski C ugeuke mwekundu. Yetu ya hapa Kahama ndivyo ilivyofanya. Asubuhi ilikuwa imebakiza GB 11, mchana GB 7, na hakuna aliyeingiza kitu zaidi ya barua za maombi na kadi za harusi.

Mayu wa genge la jirani alitoa hukumu kabla sijashika mausi. "Ng'wanawane, hiyo ni chuma ulete. Kama inakomba hela kwenye droo, itashindwa na hiyo nafasi yako?" Akaniletea kipande cha mkaa nikiweke nyuma ya kompyuta kama kinga. Nikakiweka. Si kwamba naamini. Yeye ndiye hunikopesha maharage.

Fundi wa mtaani kwetu ana dawa moja ya magonjwa yote: kufomati, elfu thelathini. Hata mausi ikigoma, fomati. Kijana wa dukani naye alishukiwa kwa nyimbo za Kisukuma na muvi zilizotafsiriwa. Akaapa kwamba zote ziko kwenye diski ya nje. Tulipokagua tukakuta ni kweli, jambo lililomshangaza hata yeye mwenyewe.

Pale foleni alikuwapo mzee mmoja, mnunuzi wa dhahabu kutoka Katoro, amekuja kutoa kopi ya leseni. Akachungulia kioo, akauliza kwa nini diski ya GB 128 inasoma 119. Nikamweleza kwamba mtengenezaji huhesabu kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Mzigo ni uleule, kila mmoja ana mizani yake.

"Sisi tukifanya hivyo tunapigwa," akasema.

Nikaanza na watuhumiwa wa siku zote. Windows ikipanda toleo huacha lile la zamani kwenye folda ya Windows.old, ambayo hula GB nyingi kisha hujifuta baada ya siku 10. Yetu ilishajifuta. Kuna hiberfil.sys, faili la kompyuta kulalia, ambalo kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya RAM. Letu lina GB 3 na ushee, na halikuwa likiongezeka. Mwizi wetu alikuwa akinenepa kila printa inapolia.

WinDirStat, programu ya bure inayochora diski nzima kwa vipande vya rangi, ilimkamata mara moja. Alikuwa System32, ndani ya spool, ndani ya PRINTERS. Kila kinachochapwa hupitia humo kwanza, na printa ikimaliza kinafutwa, isipokuwa kama kuna mtu ameweka tiki kwenye kisanduku kinachoagiza kila kazi itunzwe. Aliyeiweka hajapatikana mpaka leo. Kadi za harusi ndizo zilizokuwa nzito kuliko zote, maana picha hufumuliwa nukta kwa nukta. Diski ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1956, ilikuwa na santuri 50 na ikabeba herufi milioni 5 tu. Bwana harusi mmoja wa hapa Kahama, kaegemea gari la kukodi, angeijaza na miguu ikabaki nje.

Nikafungua orodha ya foleni ya printa, na nakiri nilikaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. "CV mpya." "CV mpya kabisa." "CV mwisho." "CV mwisho Buzwagi", ya mtu aliyejipa uzoefu wa mgodi ambao umeshafungwa, ili asiwepo wa kupigiwa simu. "Barua ya msamaha kwa mkwe", kurasa nne, halafu "Barua ya mkwe fupi". Na "Mkataba kiwanja cha kona mnunuzi 1", chini yake mnunuzi 2, wiki iliyofuata mnunuzi 3.

Kufuta si kazi: unasimamisha huduma ya Print Spooler, unafagia folda, unaiwasha tena. Ila mzee wa Katoro aliniwahi mkono.

"Unamwaga marudio?"

Kwao, mchanga ulioshaoshwa hautupwi. Hurundikwa, huuzwa, hupelekwa kuchenjuliwa kwa sayanaidi, na dhahabu iliyogoma wakati wa kuosha hutoka. Nikamwambia haya yetu yana siri za watu. Akanijibu kwamba ndiyo maana yana bei. Nikaondoa tiki, nikafuta. Zikarudi GB 46, mstari ukawa wa bluu, na Mayu akatangazia genge zima kwamba mkaa umefanya kazi.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa bwana mmoja mwenye faili la kijani kwapani.

"Ule mkataba wangu wa kiwanja bado mnao? Nataka kubadilisha jina la mnunuzi tu."

"Tumefuta, kaka."

"Basi chapa upya. Kiwanja ni kilekile."