Chuo cha Mbali na Majirani wa Karibu

Miongoni mwa nyaraka nilizowahi kuzisoma kwa staha na kuzikunja kwa mashaka, hapana uliofikia daraja ya ule mwongozo ambao chuo humpelekea mtu anayejiandaa kusoma masomo ya juu kwa njia ya mtandao. Wa kwangu ulikuja kwa barua pepe, umepambwa picha ya kijana mtanashati aliyeketi mbele ya kompyuta, kikombe mkono wa kuume, dirisha pana mkono wa kushoto, wala hapakuwa na kiumbe mwingine katika picha nzima: si mtoto, si kuku, si shangazi aliyekuja kukaa siku mbili mwezi wa Shaabani akafuturu nasi Ramadhani yote. Nasaha zake zilikuwa njema na za adabu. Tafuta mahali patulivu. Panga ratiba na uishike. Hakikisha kompyuta yako ni nzima na intaneti yako ni ya kutegemewa. Kisha waarifu watu wa nyumbani kwamba unasoma. Hilo la mwisho mtungaji alilipa sentensi moja fupi, kana kwamba ndilo jepesi kuliko yote, nami niishiye Ngamiani, Tanga, ambako barabara huitwa kwa hesabu zake na ukuta mmoja hutumikia nyumba mbili, nilitambua papo hapo kuwa mtungaji huyo ama hakuoa, ama ameoa mbali sana na wakweze.

Isidhaniwe kwamba naibeza elimu ya ghaibu. Ina nasaba kongwe na yenye heshima. Isaac Pitman alifundisha hatimkato kwa posta huko Uingereza mwaka 1840, gharama ya barua iliposhuka ikawa peni moja kwa nchi nzima. Chuo Kikuu cha London kikawafungulia mitihani yake, mwaka 1858, watu ambao hawakupata kukanyaga kumbi zake. Na hapa kwetu Bunge lilipitisha mwaka 1992 sheria iliyozaa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kimewapa shahada watu wazima waliokuwa wakidhani kwamba wakati wao umekwisha kupita. Hata Moodle, programu ambayo vyuo vingi hupangia masomo, ilitoka mikononi mwa Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyelelewa jangwani akasomeshwa utotoni kwa redio ya masafa mafupi. Fauka ya hayo yuko Nelson Mandela, aliyesoma sheria kwa posta akiwa kifungoni, akahitimu shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, kabla hajafunguliwa. Nilipoikumbuka habari ya mzee huyo niliona haya kumlalamikia jogoo. Haya hiyo ilidumu mpaka alfajiri, jogoo alipowika.

Mimi ni karani mstaafu, na nilichojiandikisha kusoma ni stashahada ya sheria. Basi nikaanza na hilo la mahali patulivu. Chumba cha mbele kimeshikwa na mpwa wangu kutoka Muheza, ambaye anatafuta kazi kwa kulala. Sebuleni iko televisheni, na tamthilia za jioni zina watazamaji wenye hamaki kuliko wahusika wenyewe. Uani kuna kinu, kuku, na mbuzi mmoja asiyependa kumsikia mtu akisema peke yake. Baada ya kuhamahama na meza yangu kutwa nzima nilipata hifadhi katika stoo, baina ya gunia la mkaa na madumu ya maji, mahali ambapo giza lake lilinifaa kwa tafakuri na halikunifaa kwa jambo jingine lolote.

Mwongozo ulikuwa umeagiza kwamba nyuma ya mwanafunzi pawe na mandhari safi, isiyovuta macho ya watu. Mama watoto, ambaye hatendi jambo nusunusu, akatundika nyuma yangu kanga mpya kabisa, nyekundu iliyokoza, akauficha mkaa wote. Sasa, Zoom humwonyesha mtu sura yake kinyume, jinsi aionavyo kwenye kioo, bali wenziwe humwona sawasawa. Kwa hiyo maandishi ya kanga ile kwangu mimi yalikuwa nakshi isiyosomeka, ilhali kwa darasa zima, kutoka Mtwara hata Bukoba, yalikuwa bayana juu ya kichwa changu: MNANISEMA KWA KUWA SIWAULIZI MLIYOYAFANYA. Mhadhiri, kijana muungwana mwenye asili ya Lindi, alifundisha robo saa nzima akitazama pembeni. Mwishowe alikohoa, akasema, “Mzee wangu, samahani sana, kuna mtu hapa darasani amekukosea?” Kabla sijajibu, mwanafunzi mmoja wa Dodoma alikuwa amekwisha kuniandikia kuomba radhi, na mpaka leo sikupata kujua ni radhi ya nini.

Umeme nao una uchumi wake. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi, hununua umeme wa LUKU kwa kadiri ya uwezo wa siku, na mlaji wake mkubwa ni friji ambamo mama watoto hugandisha barafu za ukwaju na ubuyu, biashara ambayo, ukweli usemwe, imelipa ada ya chuo kuliko pensheni yangu. Tulikuwa tumeanza somo la mikataba, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatamka kwamba mapatano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo wa kupatana, kwa malipo halali na kwa madhumuni halali. Nikaona vema elimu hiyo ianzie nyumbani. Nikaandika mapatano kwa hati nzuri: friji izimwe saa za mhadhara, nami ninunue LUKU ya mwezi mzima. Mama watoto akayasoma kwa makini kutoka juu hata chini, akauliza, “Baba watoto, na barafu zikiyeyuka, hasara ni ya nani?” Mada hiyo darasani tulikuwa bado kuifikia. Mapatano yakaandikwa upya kwa imla yake, kompyuta ikapewa umeme utakaobakishwa na friji, nami nikatia sahihi. Kama niliitia kwa hiari, hilo ni shauri la mahakama.

Umeme wa LUKU hauagi mtu. Ulikwisha usiku ambao mhadhiri alinitaja mimi nieleze tofauti ya mkataba batili na mkataba unaobatilika, nami kompyuta yangu betri yake ilikufa zamani mikononi mwa mwenyewe wa kwanza. Ikanibidi nisimame kwenye mita, gizani, nikibonyeza tarakimu 20 za tokeni, huku shangazi akinisomea kutoka kwenye simu bila ya miwani, akizichanganya tatu na nane kwa imani kamili, na kila tulipokosea akisema kwamba kosa ni la mita. Niliporejea darasani swali lilikuwa limekwisha kujibiwa na kijana wa miaka ishirini hivi, tena kwa jibu langu.

Kadhia ya majadiliano ya kikundi ilikuwa ya namna nyingine. Sisi wanafunzi tulikuwa tukikutana wenyewe kwa ile Zoom ya bure, ambayo hukata mkutano wa watu wengi dakika 40 zikitimia. Sasa mtoto aliyelelewa hawezi kuingia mahali penye wazee akaanza na suala la fidia. Huingia akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba na kila anayestahili kuitikia. Akaulizwa hali, na mvua ya huko kwao, na mama anaendeleaje na mguu. Kisha akaingia wa pili. Aliyekwisha kusalimia mtandao ukimtupa nje, hurudi akaanza upya, kwani nani ajuaye kama salamu ya kwanza ilifika? Wa mwisho akimalizika, mwenyekiti husema, “Haya, tuanze,” na hapo ndipo Zoom hukata. Kijana mmoja wa Arusha alitoa shauri kwamba salamu ziandikwe na kupelekwa usiku wa kuamkia mkutano. Shauri lilikuwa na busara nyingi, lakini alilitoa kabla ya kusalimia, na wazee hatukulisikia.

Katika kikundi hicho tunaye mvuvi wa Pangani, mtu mwerevu, ambaye chuo kikiandika kwamba kazi ipokelewe kabla ya 11:59 PM yeye huisoma kwa saa zetu, akaileta mapema kabla jua halijachwa. Wahadhiri humsifu kwa bidii yake, nasi hatujaona sababu ya kumzindua.

Intaneti ya kutegemewa, hiyo niliitafuta kwa uaminifu. Nilinunua bando la wiki, na bando la usiku kwa sababu ni rahisi, nikawa nasikiliza mihadhara iliyorekodiwa saa ambazo wachawi ndio huwa macho. Lakini bando hata likinenepa vipi halishindani na bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zipitazo chini ya bahari upande wa kusini zilikatika kwa mara moja, intaneti ikazorota kutoka Dar es Salaam hata Nairobi na kwingineko, nami siku hiyo nilikuwa na insha ya kuwasilisha. Nilipowaeleza watu barazani kwamba kazi yangu imekwama kwa sababu ya waya ulioko chini ya Bahari ya Hindi, walinitazama kwa huruma ile apewayo mtoto asemaye kwamba daftari lake limeliwa na mbuzi. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, ndiye pekee aliyeniamini. Alisema bahari haijapata kumwomba mtu ruhusa, akataka kujua waya huo una unene gani. Nikamwambia kwamba kilindini waya huo si mnene kuliko bomba la kumwagilia bustani. Akacheka mpaka akavua kofia. “Na ndani yake,” akasema, “mmetia chuo kizima?”

Nasema basi, kwa kadiri ya maoni yangu, kwamba mwongozo uliyapanga mambo kichwa chini miguu juu. Kompyuta huazimwa, bando hununuliwa, na waya wa baharini huungwa na mafundi wenye meli zao; binadamu ndio wanaohitaji matayarisho, na wao ndio waliopewa sentensi moja. Mimi niliwaarifu wangu kama nilivyoagizwa. Niliwaarifu Jumatatu, Jumanne barabara nzima ilijua kwamba nasoma sheria, Jumatano nilikuwa hakimu. Akaja mwenye mnazi ulioinamia kwa jirani, akaja mpangaji mwenye deni, akaja mtu kuuliza kama talaka iliyotamkwa kwa simu yenye chaji ndogo imesihi. Kila mmoja alikuja saa za mhadhara, kwa kuwa hapo ndipo nilipokuwa na hakika ya kuonekana nimekaa.

Bibi wa nyumba ya tatu aliingia stoo bila ya hodi, kipaza sauti changu kikiwa wazi, akaketi juu ya gunia la mkaa, akaeleza habari ya sufuria lake kubwa la pilau, lililoazimwa kwa harusi likarudi na tundu, na mwazimaji anaapa kwamba tundu lilikuwamo tangu awali. Alieleza kwa kituo, akitaja walioshuhudia na vyakula vilivyopikwa. Niliponyoosha mkono kuizima sauti, mhadhiri akanizuia. “Mwache bibi aendelee,” akasema, “hii ni amana, nayo ndiyo mada yetu ya wiki ijayo.” Kisha akamfafanulia mwenyewe, kwa taadhima, kwamba aliyekabidhiwa kitu cha mwenziwe hupaswa kukitunza jinsi mtu mwenye busara ya kawaida angekitunza cha kwake. Bibi akasikiliza, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema, “Mwanangu, huyu anajua kuliko wewe.” Tangu hapo huja kila wiki siku ya mhadhara huo, hukaa palepale juu ya gunia, na darasa humsubiri, na asipofika, mhadhiri huuliza kama ni mzima.

Mtihani wa mwisho ni Jumamosi ijayo, kuanzia saa nane mchana hata saa kumi na moja. Jirani yetu wa mtaa wa nyuma anaoza binti yake siku hiyohiyo, na maspika yamekwisha kukodiwa. Sikusudii kumzuilia mtu furaha yake, na pilau nitakuja kula. Namwomba tu, kwa hisani yake na ya wapigaji, ngoma ianze baada ya saa kumi na moja, na mwenye kesi yoyote aje Jumapili.