Mwalimu Anayekula Betri

Sina ugomvi na Wachina. Ugomvi wangu ni na mtu mmoja tu, aliyekaa ofisini kwake huko Chenghai, upande wa Shantou, pale panaposifika kwa viwanda vya vitu vya kuchezea watoto, akaamua kwamba kompyuta ya mtoto wa miaka minne iwe na sauti ya kuamsha mtaa mzima na isiwe na kitufe cha kuipunguza. Kitufe cha kuwashia kipo. Vya muziki vipo vitatu. Kipo hata chenye picha ya mbwa, ukikibonyeza kinabweka, na hubonyezwa saa saba na nusu mchana, mtu kesharudi kuswali Adhuhuri, kala muhogo wake wa nazi, kajinyoosha. Cha kupunguza sauti nimekitafuta juu na chini, nimeifungua mpaka matumbo kwa bisibisi, hakimo.

Kompyuta yenyewe ni ya plastiki, rangi ya pinki, na kioo chake hakizidi kiberiti. Imetoka Muscat, zawadi ya shangazi yake mjukuu wangu. Hapa Chake, Pemba, nyumba yenye mtu Muscat au Dubai huhitaji kuulizia, utaijua kwa masikio: ndani mna kitu kinaimba herufi. Kwenye boksi imeandikwa kwamba inamfundisha mtoto kusoma, na pamechorwa mtoto kakenua meno yote mbele ya herufi B. Nimelea watoto, sasa nalea wajukuu. Sijaona hata mmoja aliyechekeshwa na B.

Halafu betri. Inakula tatu, zile nyembamba za rimoti. Dukani zipo za bei rahisi zinazokufa njiani, na zipo za bei kali ambazo mtu huzipima kwanza na kilo ya mchele. Kwa hiyo mjukuu alianza na rimoti ya televisheni, akaja saa ya ukutani, akamalizia na tochi. Sasa televisheni yetu ina chaneli moja, na saa imegoma saa nne kasorobo, ukitaka kuchelewa popote una hoja. Umeme wenyewe tunavutiwa kutoka Tanga, kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010. Ukikatika usiku, wenzetu huwasha tochi. Sisi huwasha kompyuta. Mtu mzima anapapasa ukuta kwenda chooni kwa mwanga wa pinki, huku anaimbiwa wimbo wa nyota kwa Kiingereza.

Ingekuwa inafundisha, ningenyamaza. Lakini tazama inachofundisha. Mtoto anabonyeza A, inamwambia "ei". Anabonyeza E, inamwambia "ii". I ni "ai", U ni "yuu". Katika irabu zetu tano iliyosalimika ni O peke yake, nayo sijui ilijificha wapi. Jina la mjukuu wangu linaanza na KH. Alipobonyeza akapata "kei", kisha "eichi", akaja kuniuliza yeye ni yupi kati ya hao wawili.

Siku moja tumesimama Chake kungoja gari ya Wete, njia namba 606, ikaja na kibao chake mbele, WETE, herufi kubwa nyeusi. Nikamwambia, haya msomi, soma. Akavuta pumzi, akaitoa puani kama ile kompyuta: "Dabliyu, ii, tii, ii!" Konda akanigeukia kwa adabu kabisa. "Mzee," akasema, "huko hatufiki."

Na picha je? Kila herufi ina picha yake, na picha zote ni za watu wengine. Q ina malkia, X ina ala fulani ya kugonga, herufi mbili ambazo Kiswahili hakina shughuli nazo. Tunazozihitaji sisi, dh na gh na ng', za kung'ang'ania na kudhulumiwa na kughadhibika, yaani maisha yenyewe, hazimo. I ina nyumba nyeupe ya mviringo kwenye theluji. Mjukuu akaniuliza nini hii. Nikamweleza kwamba wako watu nchi za baridi kali wanaojenga nyumba za barafu. Akafikiri. Kwetu sisi nyumba ya barafu ni ile yenye friji karibu na mlango na maandishi ya mkaa ukutani, unapeleka sarafu unapewa barafu ya ukwaju kwenye kifuko.

"Babu, wao wanauza kiasi gani?"

Nikasema hawauzi.

"Wanakula wenyewe?"

Nikasema wanalala humo. Akaniangalia kwa huruma, akabonyeza mbwa.

Bibi yake, ambaye alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, alikaa kimya muda wote huo, na ukimya wa bibi yake mimi naujua. Ilikuwa msimu, na usiku tukikaa duara barazani kuchambua karafuu: kichala kinasuguliwa kiganjani, karafuu huku, makonyo kule, hadithi katikati. Kompyuta ilikuwa imeishiwa nguvu, na tochi nayo haina tena cha kuibiwa. Mtoto analia. Bibi akachukua makonyo machache, akayapanga juu ya jamvi ikawa b, pembeni yake a.

"Funga midomo, kisha fungua. Ikikutana na huyu?"

"Ba."

Akaondoa a, akaweka e kwa makonyo mengine, hakusema neno. "Be," akasema mtoto, na kilio kikaisha. Bi, bo, bu zikaja zenyewe, mpaka yeye ndiye anayepanga na bibi ndiye anayesoma. Kisha akaviweka pamoja vipande viwili, akavitazama sana, akanitazama mimi, akasema "babu", kwa sauti ya mtu aliyenifumania. Nakiri nilivimba kichwa. Siku ya pili tulipopita tena kwenye gari ya Wete alisema "we-te" na konda akatupandisha. Makonyo yale, kwa taarifa yako, yalikwenda na wenzao kiwanda cha makonyo Wawi, ba na be na babu zote zikakamuliwa mafuta.

Tangu usiku huo bibi ana hotuba, na kila ajaye kusalimia anaipata kabla ya chai. Kiswahili, anasema, kukisoma ni kazi nyepesi ukilinganisha na lugha za watu. Herufi ikisema a leo, itasema a kesho, mwanzo wa neno na mwisho wake. Mtoto wa Kiingereza ndiye wa kuhurumiwa, herufi hiyohiyo inamwambia hivi hapa na vile pale, miaka inakatika bado anakisia. "Yule mtengenezeeni mashine, maskini, lugha yake inamzungusha. Wetu mnampa mashine ya nini? Ya kumzungusha na yeye?"

Na chuoni, anaendelea, tumesoma hivyohivyo kabla hajazaliwa huyo wa Chenghai: herufi inatiwa fat'ha inasema a, inatiwa kasra inasema i, inatiwa dhumma inasema u, chuo kizima kinaitika. Hapo kuna jambo, maana ustadhi wa chuo kaja kushitaki. Kamsomesha mjukuu alifu, mjukuu kaitika vizuri, halafu mwisho akaongeza "Excellent!" na kubweka. Chuo kizima sasa kinabweka.

Nikataka kujua asili ya balaa hili. Kijana wa jirani, mwenye simu isiyoisha bando, akanitafutia. Kumbe ni la Marekani, mwaka 1978, kampuni ya Texas Instruments ilipotoa kitu kinaitwa Speak & Spell. Kabla ya hapo vitu vya kuchezea vilivyosema vilikuwa na kamba ya kuvuta na kisahani cha santuri tumboni, au utepe. Hiki sauti yake ilitengenezwa na kichipu kimoja, na hilo lilikuwa jambo kubwa: kinatamka neno, mtoto anatafuta herufi zake, akikosea anajaribu tena. Kilipata umaarufu mpaka kikatiwa kwenye filamu ya E.T. mwaka 1982, ambamo kiumbe aliyepotea kutoka sayari nyingine anakifungafunga na mwavuli na makorokoro mengine apate kupiga simu kwao. Nikasema sawa, kwa kupigia simu sayari nyingine nakubali.

Nisidhulumu, lakini. Kipo kilichojaribiwa kwa Kiswahili, tena si mbali, ni hapo ng'ambo, kunakotoka umeme wetu. Mwaka 2014 Wamarekani wa XPRIZE walitangaza zawadi ya dola milioni 15, mfadhili wake Elon Musk, kwa watakaotengeneza programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu peke yake, bila mwalimu. Pa kujaribia pakachaguliwa mkoa wa Tanga. Serikali iliingia, UNESCO wakaingia na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, Google wakatoa tableti za Pixel C, vikawekwa vituo vya kuchajia kwa jua. Vijiji kama 170, watoto karibu 3,000, wengi wao hawajawahi kukanyaga skuli. Mwanzoni zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, hao wasioweza walikuwa wamepungua kwa nusu. Mei 2019 wakatangazwa washindi wawili, Kitkit School na onebillion, kila mmoja dola milioni tano, na programu zikaachwa wazi mtu yeyote azichukue.

Niliposomewa habari hiyo nilinyamaza, maana ni habari ya kunyamazia. Mtoto kakaa chini ya mwembe na kitu cha kioo kinachosema naye Kiswahili, na kasoma. Kiswahili chenyewe ni sanifu, kile kilichopasishwa Mombasa mwaka 1928 kutokana na Kiunguja, sisi Wapemba tukabaki na chetu, lakini kwa hilo nilikuwa tayari kusamehe. Bibi ndiye hakunyamaza.

"Na ile nusu nyingine?"

Nikamuuliza nusu ipi.

"Ambao bado. Nani anawafuata kwao kujua wana nini? Wanaumwa macho, wana njaa, wametumwa pwani?"

Yeye wanafunzi wake alikuwa akiwafuata. Wapo watu wazima hapa Chake, wana ndevu na vyeo, wakimwona sokoni bado huficha walichoshika mkononi.

Ndiyo maana katika mashine zote anayoisifu ni redio. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Elimu Zanzibar na shirika la EDC la Marekani, kwa fedha za USAID, walikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze, na mpaka leo vituo vyake watu wanaviita Tutu. Havikuhitaji jengo. Baraza ya mtu, kivuli cha mti, redio moja katikati, mlezi mmoja wa hapohapo mtaani, watoto wamejaa. Redio inauliza swali, inanyamaza kidogo, watoto wanajibu kwa kelele, wanaruka, wanaimba, wanaambiwa vizuri sana. Mimi nikamtega: redio inajuaje kama wamejibu vizuri? Wakisema ng'ombe pahala pa mbuzi, si itawasifu vilevile? Akasema redio haijui. Mlezi anajua. Redio kazi yake kupiga kelele wote wasikie. Mlezi kazi yake kumwona yule wa nyuma anayefungua mdomo bila sauti. Nikaona nimeshindwa, nikaomba chai.

Ninachotaka mimi ni kidogo sana. Kwa kuwa wanaweza kutengeneza mbwa, watengeneze ba. Kitu cha plastiki, rangi yoyote, hata hiyo pinki, mtoto akibonyeza b kisha a kiseme ba, basi. Picha ya karafuu, picha ya pweza, picha ya ngalawa. Kitufe cha sauti pembeni. Zile programu za Tanga ziko wazi, hazihitaji hata kununuliwa. Nilimweleza kijana wa duka la simu pale mjini, akasema inawezekana kabisa, mzee, ila itabidi uagize kontena zima.

Juzi shangazi kapiga simu ya picha kutoka Muscat. Anataka kujua mtoto keshajua kusoma. Bibi kajiandaa, kamweka mjukuu mbele ya simu na kipande cha boksi alichokiandika kwa mkaa, BABU KABEBA BOGA, na mtoto kaanza vizuri, ba, bu, ka. Kumbe mdogo wake, anayetambaa, keshaifikia kompyuta chini ya kitanda. Ikapigwa ei-bii-sii yote mpaka mwisho, na "Excellent!", na mbwa. Upande wa pili tukasikia shangwe. Shangazi analia kwa furaha, anawaita na majirani zake waje kusikia Kiingereza cha mtoto. Bibi ananyanyua boksi, shangazi anasema ondoeni hilo boksi hatumwoni mtoto. Kasema Mungu akipenda na huyu mdogo naye asibaki nyuma, keshamnunulia yake, inakuja na mtu mwezi ujao. Nyengine hiyo, kasema, ina spika mbili.